Namna ya Kulinganisha Matoleo ya Jazi ya Ngoma ya Mwana Peremende

Ami yangu, ambaye kwa miaka mingi alipiga udi katika harusi za Lamu, Shela na Matondoni, alikuwa na desturi moja ya kumpima mwimbaji mgeni: hakumwomba wimbo mpya, bali alimwomba wimbo ambao kila aliyeketi pale aliujua tangu utotoni. Akieleza sababu yake, alisema kwamba wimbo mpya humsitiri mwimbaji, kwa kuwa msikilizaji hana kitu cha kuulinganisha nacho, ilhali wimbo wa zamani humweka wazi, kwa kuwa kila alichoongeza na kila alichopunguza husikika papo hapo. Niliifuata desturi hiyo nilipoanza kujifunza kusikiliza jazi ya Marekani, na katika mwongozo huu nakusudia kueleza, kwa kutumia kipande kimoja kifupi cha mtunzi Mrusi Tchaikovsky, jinsi msikilizaji asiyejua kusoma nota anavyoweza kuyalinganisha matoleo mbalimbali na kufikia uamuzi anaoweza kuutetea barazani.

Kipande chenyewe ni ile ngoma ijulikanayo kwa Kiingereza kama "Dance of the Sugar Plum Fairy", kutoka baleti, yaani hadithi inayosimuliwa kwa dansi na muziki, iitwayo "The Nutcracker". Katika hadithi ya baleti hiyo, yeye ndiye bibi anayetawala nchi ya vitamu, na kwa kuwa Kiswahili hakijampa jina, mimi humwita Mwana Peremende, kwa heshima ile ile ambayo mabibi wa Lamu ya zamani waliitwa Mwana. Baleti ilionyeshwa mara ya kwanza mjini St. Petersburg mwezi wa Desemba 1892, lakini watu wa mji huo walikuwa wamekwisha kusikia sehemu zake nane tangu Machi mwaka huo huo, kwa sababu Tchaikovsky alizitoa kwanza kama mfululizo wa kupigwa na okestra bila wachezaji. Hata kama hujawahi kukaa mbele ya okestra, yaelekea umekwisha kuisikia ngoma hii katika katuni, katika tangazo la televisheni, au katika kisanduku cha muziki cha mtoto. Nimeichagua kwa sababu haizidi sana dakika mbili, mahadhi yake hayasahauliki, na vyombo vyake ni vya pekee kiasi kwamba mtu akikibadilisha kimoja tu, sikio hushtuka.

Neno moja la tahadhari kabla ya kuanza. Sisi wa Afrika Mashariki tumelizoea neno jazi kwa maana nyingine, kwa kuwa bendi kama Morogoro Jazz na Western Jazz zilipiga muziki wa dansi, wenye magitaa na asili yake katika rumba. Katika makala haya ninazungumzia jazi ya Wamarekani Weusi na wote waliojifunza kwao, ambayo ina mwendo wake na kanuni zake, na msikilizaji anayetarajia gitaa la dansi atajiona amepotea njia.

Uijue asili kwanza

Usifungue toleo lolote la jazi kabla hujaweza kuuimba wimbo wa asili kwa mguno, mdomo ukiwa umefungwa, huku ukifanya kazi nyingine. Sharti hili huwachosha wengi, nami nimewaona vijana wakiruka moja kwa moja hadi kwenye saksafoni, kisha wakasema wameipenda au hawakuipenda, basi. Hao hawajalinganisha chochote. Isikilize asili mara tano au sita katika muda wa siku mbili, na kila mara ufuate kitu kimoja tu: mara ya kwanza nyuzi zinazodonolewa kwa vidole mwanzoni, mara ya pili kile chombo chenye sauti ya kioo, mara ya tatu ile sauti nene inayotoka chini.

Chombo chenye sauti ya kioo kinaitwa selesta. Kwa umbo ni kinanda kidogo, lakini ndani yake nyundo hazigongi nyuzi kama za piano, bali hugonga vipande vya chuma. Kilibuniwa mjini Paris na Auguste Mustel mwaka 1886, na Tchaikovsky alikikuta huko mwaka 1891, akakipenda mno, akamwandikia mchapishaji wake amletee kimoja Urusi kwa siri, akichelea kwamba watunzi wenzake Rimsky-Korsakov na Glazunov wangepata habari na kumtangulia kukitumia. Mpangaji wa uchezaji, Marius Petipa, alikuwa ametaka muziki unaosikika kama matone ya maji yanayorushwa na chemchemi ya bustani. Hapa kwetu chemchemi za bustani si jambo la kila siku, lakini mtu aliyekulia katika nyumba ya mawe anaijua sauti hiyo: ni tone linalodondoka katika birika la chooni usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, na kuta za chokaa zikilirudisha kwa udogo wake. Ukiweza kuikumbuka sauti hiyo, umekwisha kuielewa selesta zaidi ya mtu aliyesoma maelezo yake katika kamusi.

Sauti nene inayotoka chini ni ya klarineti ya besi, chombo cha kupulizwa. Kila selesta inapomaliza kauli yake, klarineti hiyo huteremka kwa hatua fupi fupi, kama mzee anayeshuka ngazi za darini gizani akipapasa ukuta. Ni hapa ambapo swali la ami yangu lina faida kubwa, kwani yeye, kwa kila wimbo aliousikia, aliuliza: nani anauliza na nani anajibu? Katika taarab swali hilo halina utata, kwa kuwa mwimbaji hutoa ubeti na vyombo humjibu kabla hajaingia katika ubeti unaofuata. Katika ngoma ya Mwana Peremende muulizaji ni mwepesi na yuko juu, mjibu ni mzito na yuko chini, na ladha yote ya kipande hiki imo katika umbali ulio kati yao. Ukiyashika haya mawili, umeshika kipimo utakachokipeleka kwenye kila toleo la jazi.

Baada ya hapo, chukua karatasi uchore ramani ya kipande kwa dakika na sekunde. Weka alama pale nyuzi zinapoanza peke yake, pale mahadhi yanapoingia, pale katikati ambapo selesta huachwa ikimwaga sauti zake kwa kupanda na kushuka bila msaada, na pale mahadhi yanaporudi. Tumia rekodi moja ile ile mpaka mwisho, kwa sababu viongozi wa okestra hutofautiana kwa mwendo, na ramani ya rekodi moja haitalingana na nyingine. Angalia pia kwamba rekodi yako ni ya ule mfululizo wa okestra na si ya baleti nzima, maana katika baleti ngoma hii ina mkia wa mwendo wa kasi ambao katika mfululizo haumo. Mimi niliwahi kumlaumu mpangaji wa jazi, yaani mtu anayeupanga wimbo upya kwa vyombo vya bendi, kwa kukata mwisho wa wimbo, kumbe mwisho huo hakuwa nao hata Tchaikovsky mwenyewe alipozipanga zile sehemu nane.

Vifaa na saa

Simu na visikizio vya kawaida vinatosha, ila viwe viwili na vyote vifanye kazi, kwa kuwa katika rekodi za mwaka 1960 vyombo vimegawanywa baina ya sikio la kulia na la kushoto. Pakua muziki mapema ili usikatizwe na mtandao katikati ya kipande, na uchague saa ambayo injini za mashua zimetulia na wakati wa sala haujakaribia. Kwangu mimi saa hiyo ni baada ya isha.

Jambo moja dogo la kiufundi linastahili mkazo kuliko yote hayo. Sikio la mwanadamu hupendelea sauti iliyo kubwa zaidi, hata ukubwa wenyewe ukiwa mdogo kiasi cha kutotambulika, na huudhania kuwa ni ubora. Niliwahi kwa muda wa wiki mbili kuwaambia watu barazani kwamba toleo fulani lina uhai kuliko jingine, nikatoa na sababu zake kwa ufasaha, mpaka mpwa wangu alipochukua simu, akapunguza sauti ya lile nililolisifu ikawa sawa na ya mwenziwe, na uhai wote ukatoweka. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, sawazisha ukubwa wa sauti kwa mkono wako mwenyewe. Vivyo hivyo, mchakacho wa santuri ya zamani usiuhesabu kuwa kosa la wapigaji, wala usafi wa rekodi mpya usiuhesabu kuwa ufundi wao.

Namna ya kuusikia mwendo

Jambo linalowasumbua wengi ni mwendo unaoitwa swingi, nao ndio alama ya kwanza inayoutenganisha muziki wa jazi na asili yake. Katika uandishi wa Tchaikovsky, pigo likigawanywa mara mbili, nusu hizo mbili hulingana. Katika swingi nusu ya kwanza hurefushwa na ya pili hufupishwa, bila pigo lenyewe kubadilika. Ukitaka kulielewa hili bila mwalimu, keti karibu na mtu anayekuna nazi. Mkono unapokikandamiza kizio cha nazi kwenye chuma cha mbuzi, sauti huwa ndefu na nzito. Unaporudi, huwa fupi na nyepesi. Na mkunaji hodari hurudia hivyo kizio kizima bila kukosea, wala hakuna anayemwambia kwamba anahesabu. Imba mahadhi ya Mwana Peremende ukiufuata mkono huo, nawe utakuwa umekwisha kuyageuza kuwa jazi ya aina fulani kabla hujasikiliza rekodi hata moja. Kumbuka lakini kwamba kiasi cha kurefusha na kufupisha si kimoja siku zote: wapigaji wakienda mbio, nusu hizo mbili hukaribia kulingana tena, kama vile mkunaji anapokuwa na haraka ya futari.

Swali jingine gumu ni kutambua kilichoandikwa na kilichobuniwa papo hapo. Hakuna njia isiyokosea, lakini vyombo vitatu au vinne vikisema kauli moja kwa pamoja, bila kupishana hata kwa pumzi, hilo limeandikwa. Na chombo kimoja kikitangatanga juu ya besi na ngoma, kikiyagusa mahadhi kisha kuyaacha, yaelekea mpigaji anabuni. Ukipata rekodi mbili za bendi moja ikipiga kipande kile kile siku tofauti, ziweke pamoja: sehemu zinazofanana ndizo zilizoandikwa.

John Kirby: wepesi bila kioo

Anza na kikundi cha John Kirby, kwa kuwa ndicho kidogo na ndicho cha zamani. Kirby alikuwa mpiga besi aliyeongoza watu sita mjini New York, waliojulikana hasa kwa kupiga katika ukumbi wa Onyx Club, mtaa wa 52, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 walirekodi "Bounce of the Sugar Plum Fairy". Mipango mingi ya muziki wao ilikuwa ya Charlie Shavers, aliyepiga tarumbeta iliyotiwa kizibo mdomoni. Buster Bailey alikuwa kwenye klarineti, Russell Procope kwenye saksafoni ya alto, na Billy Kyle kwenye piano.

Hapa selesta haipo, na swali la kuuliza ni hili: bendi imeutafuta wapi wepesi ule? Jibu limo katika jinsi vyombo vitatu vya kupulizwa vinavyosogeleana na kupigwa kwa sauti ya chini, kizibo kikiinyima tarumbeta ukali wake, hata visikike kama chombo kimoja chenye midomo mitatu. Wepesi wa kipande umehifadhiwa, ila rangi yake imebadilishwa, na mwendo wake umekuwa wa kudunda, kama jina lenyewe linavyosema. Kilichopotea, kwa maoni yangu, ni ule upweke wa tone la birikani, kwa sababu watu watatu wanaotembea pamoja hawawezi kusikika kama mmoja aliye peke yake usiku. Usisahau pia kwamba upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua dakika tatu hivi, na chombo hicho kilimpimia kila mwanamuziki wa wakati huo urefu wa maneno yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anabuni kwa sekunde chache tu kisha anampisha mwenziwe, hiyo si haya, ni nafasi.

Ellington na Strayhorn: mahadhi yale yale, mwili mwingine

Mwaka 1960 kiongozi wa okestra ya jazi Duke Ellington pamoja na Billy Strayhorn, mshirika wake wa miaka mingi katika utunzi, walitoa kwa kampuni ya Columbia albamu nzima iliyojengwa juu ya "The Nutcracker Suite", na humo Mwana Peremende akaitwa "Sugar Rum Cherry". Jina hilo ni mchezo wa maneno uliotiwa pombe ndani yake, na anayechelea jina asichelee kusikiliza. Hapa ndipo ninapokuomba ukae muda mrefu zaidi kuliko penginepo, kwa sababu sijaona mahali pengine panapofundisha kulinganisha kama hapa.

Sikiliza nusu dakika ya kwanza, usimamishe, uirudie. Kitu cha kwanza kitakachokupata ni mwendo: umepunguzwa sana, na ngoma nene za Sam Woodyard zimewekwa chini yake kama maji yanayojaa taratibu. Kisha inaingia saksafoni ya tena, ile yenye sauti nene kuliko alto, ya Paul Gonsalves, ambayo pumzi yake husikika pamoja na sauti, na wakati mwingine kabla yake. Sasa imba kwa mguno yale mahadhi uliyojifunza siku mbili ukiandamana naye. Utakuta kwamba yanaingia. Sauti alizoziandika Tchaikovsky zimo, kwa utaratibu wake, karibu zote. Kilichobadilika ni mwili uliozibeba. Chombo cha chuma kisicho na pumzi kimepisha chombo ambacho hakiwezi kutoa sauti yoyote bila kifua cha mtu, na tone la maji limekuwa mwanamke anayeingia ukumbini akijua kwamba anatazamwa.

Nilimpigia ami rekodi hii bila kumwambia chochote, baada ya kumsikilizisha asili mara kadhaa jioni zilizotangulia. Alisikiliza kwa muda, akanigeukia na kuuliza, "Huyu ni yule yule?" Nikamjibu, "Ndiye, ami." Akanyamaza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi ameolewa, akaachika, akarudi kwao." Sijasoma uchambuzi wa kipande hiki unaoushinda huo.

Zingatia kilichotokea kwa muulizaji na mjibu. Katika asili walitenganishwa na umbali mkubwa, mmoja juu na mwingine chini. Hapa muulizaji ameteremshwa hadi karibu na mjibu wake, wote wanazungumza kwa sauti nene, na kwa sababu hiyo mazungumzo yao hayafanani tena na mchezo wa mtoto na mzee. Ni ya watu wawili wa umri mmoja walioketi karibu. Hili ndilo jambo ambalo nalisisitiza katika mwongozo wote: toleo linaweza kuhifadhi sauti karibu zote za mtunzi na bado likasema jambo ambalo yeye hakulisema, ilhali toleo jingine linaweza kuvuruga sauti hizo na bado likabaki na roho yake. Kwa hiyo usiulize tu kama mpangaji amekuwa mwaminifu. Uliza amekuwa mwaminifu kwa kitu gani.

Ukipenda ushahidi mwingine, mfuate Russell Procope. Yule yule aliyepiga alto kwa John Kirby alikuwa pia katika okestra ya Ellington mwaka 1960, kwa hiyo mtu mmoja ameupitia wimbo huu katika majiko mawili tofauti, na tofauti unazozisikia haziwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba wapigaji ni wengine.

Shorty Rogers, kama zoezi

Mwaka huo huo wa 1960 mpiga tarumbeta Shorty Rogers, mmoja wa vinara wa jazi ya California, alitoa albamu iitwayo "The Swingin' Nutcracker" kwa kampuni ya RCA Victor, na Mwana Peremende humo anaitwa "The Swingin' Plum Fairy". Sitaeleza ninachokisikia ndani yake, kwa sababu nataka uijaze karatasi yako mwenyewe kabla ya maoni ya mtu mwingine kukuingia sikioni. Nitaeleza tu kwa nini nimekichagua: bendi zote mbili ni kubwa, mwaka ni mmoja, na ufundi wa kurekodi ni wa kizazi kimoja, kwa hiyo tofauti utakazozisikia baina ya Rogers na Ellington hazitokani na zama wala mitambo, bali na uamuzi wa watu. Unapolinganisha, jitahidi daima kupata jozi ya namna hii, ambayo mambo mengi yanalingana ili machache yasiyolingana yajitokeze.

Kahawa isiyo ya Kiarabu

Ukishamaliza na Mwana Peremende, kuna sehemu nyingine katika mfululizo ule ule ambayo mtu wa pwani anapaswa kuisikiliza, nayo ni Ngoma ya Kiarabu. Katika baleti vitamu vya nchi mbalimbali huja kucheza mbele ya wageni: chokoleti kwa Uhispania, chai kwa Uchina, na kahawa kwa Uarabuni. Sisi tulioizoea kahawa chungu ya jioni, na mlio wa vikombe vinavyogonganishwa mkononi mwa muuzaji kabla hata hajatokeza kwenye kona ya uchochoro, tutaiendea kwa hamu. Lakini mtu aliyezoea udi na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarab, atazingoja zile sauti za kati kwa kati za bayati, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, na hazitakuja, kwa sababu mahadhi ya Ngoma ya Kiarabu yametokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Georgia, nchi ya milima ya Kaukasi. Kilichompa msikilizaji wa St. Petersburg hisia ya Uarabuni ni nyuzi nzito zinazoshikilia sauti mbili bila kuziachia tangu mwanzo, pamoja na tari linalogongwa kwa mbali.

Ellington na Strayhorn waliiweka sehemu hii mwisho wa albamu yao kwa jina la "Arabesque Cookie", wakairefusha kupita dakika tano. Kabla yao, katika miaka ya 1940, mpangaji Gil Evans alikuwa ameipangia okestra ya Claude Thornhill, iliyokuwa na baragumu za Kifaransa, jambo lisilo la kawaida katika bendi ya dansi. Unapoyalinganisha matoleo haya, usipoteze muda kuuliza lipi lina Uarabu zaidi, kwa kuwa asili yenyewe haikuwa nao. Sikiliza tari kwanza, kwa sababu ni chombo tunachokijua kwa mkono: liko wapi, linanyamaza lini, na kwa Ellington mwendo unageukia swingi pahali gani. Andika sekunde hiyo. Kisha sikiliza zile sauti mbili za chini, uone kama kuna aliyethubutu kuziachia.

Kuandika ulichosikia

Maneno "zuri" na "baya" yaweke mpaka mwisho. Kwa kila toleo andika kwanza kilichohifadhiwa, kisha kilichobadilishwa na chombo kilichobadilishiwa, kisha athari yake kwako, na utaje sekunde ambayo mtu mwingine anaweza kwenda kukuhakiki. Kwa mfano, katika daftari langu kuhusu "Sugar Rum Cherry" niliandika hivi: "Mahadhi yamebaki, mwendo umepungua, selesta imekuwa saksafoni ya tena, muulizaji ameshuka kwa mjibu, sioni tena mtoto." Si maandishi mazuri, lakini mtu anaweza kuyapinga, na maandishi yasiyopingika hayana kazi barazani. Ukipata mwenzako, mpigie matoleo mawili bila kumtajia majina, naye akupigie wewe. Utashangaa ni mara ngapi jina kubwa ndilo lililokuwa likisikiliza badala ya masikio yako.

Ukishakamilisha yote, subiri wiki moja, kisha uirudie ile rekodi ya asili uliyoanza nayo, kwa ramani ile ile. Nilipofanya hivyo, saa nne za usiku, taa za jirani zikiwa zimezimwa, sikuisikia selesta kwanza. Niliisikia klarineti ya besi ikishuka ngazi zake, na kwa mara ya kwanza nilidhani kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwenye wimbo tangu mwanzo, na kwamba yule wa juu alikuwa akimjibu.